Nafasi Haitoshi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, ya manyunyu tu, kama inayojaribu mabati. Nimeamua kuandika humu kwa sababu daftari hili la vipimo vya wateja limebaki nusu, nami sipendi karatasi ikae bure. Mbele ni viuno na mabega ya watu. Huku nyuma ni kwangu.

Habari ya leo ni kompyuta ya Mwalimu. Mwalimu ni mdogo wangu, tumbo moja, aliyefundisha jiografia miaka ishirini na sita na kufariki Juni iliyopita. Kompyuta ile aliinunua ikiwa tayari imeshachokeshwa na mtu mwingine, akakaa nayo miaka kumi na mmoja. Sasa anaitumia wifi yangu, mjane wake. Anasikiliza mikutano ya watu iliyorekodiwa, anaichapa, anaituma kwa kampuni iliyompa kazi. Leo kampuni imemwandikia: kufikia tarehe thelathini Aprili kila mchapaji awe amefanya apdeti, kompyuta iwe na mfumo mpya, la sivyo mlango wa kazi utajifunga.

Akabonyeza. Mashine ikafikiri weee, kisha ikajibu kwamba nafasi haitoshi.

"Imejaa, wifi," akaniambia. "Itabidi nipunguze vitu."

"Vitu gani?"

"Mabaki."

Sikulipenda hilo neno.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimemaliza mapazia ya zahanati. Wifi hakunisemesha zaidi ya shikamoo ya asubuhi.

Jumapili, 9 Machi

Niseme ukweli, humu hakuna wa kunisikia. Simpendi wifi yangu kama inavyonipasa. Tunakaa nyumba moja, ya wazazi wangu, sebule moja: cherehani yangu dirishani, meza yake ukutani. Anavaa vile vizibo vya masikio vyenye waya asubuhi, anavivua jioni. Nasema chai tayari mara tatu, hageuki.

Lakini si chai. Mwalimu alipopimwa akakutwa na ugonjwa uliomchukua, mimi dada yake niliyembeba mgongoni hadi akawa mzito kuliko mimi, niliambiwa baada ya wiki tatu. Wiki tatu nzima tunakula meza moja, wifi anajua, mimi nacheka. Na msibani hakulia. Watu wanaanguka, yeye yuko na kalamu anapanga nani alale chumba gani. Shangazi yetu alininong'oneza, "Huyu moyo wake ni wa karani." Nikaitikia kwa kichwa.

Mvua zikiisha atahamia kwa dada yake, kuna chumba kule. Aliponiambia nilijibu, "Haya." Moyoni nikasema heri.

Jumatano, 12 Machi

Leo amenieleza mabaki ni nini, bila kuulizwa. Kila mashine inapopata mfumo mpya, ule wa zamani hauondoki. Unajikunja pembeni ukisubiri kama utaitwa tena. Hauitwi. Miaka inakwenda, mabaki juu ya mabaki, mpaka mgeni akija hakuna pa kumkalisha.

"Kama vitambaa vyako kwenye yale magunia," akasema.

"Vitambaa vyangu vina kazi."

"Ndiyo maana tunaingia jikoni kiubavuubavu."

Zamani ningemrudishia utani. Mawifi tulikuwa sisi, tukianza kutaniana hata Mwalimu alikuwa anatoka nje kupunga upepo. Leo nimenuna mpaka chakula cha jioni.

Jumatatu, 17 Machi

Zipu tatu, pindo mbili. Mvua.

Ijumaa, 21 Machi

Wifi amesimama nyuma ya kiti changu muda mrefu. Nilimsikia pumzi, nikaendelea kushona.

"Wifi, una nafasi kidogo? Kuna folda moja nataka tuipitie pamoja. Vitu vilivyopakuliwa zamani. Unisaidie kuchagua."

"Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

"Ukae tu karibu."

"Nina magauni manne ya kesho."

Akabaki ameshika mgongo wa kiti. Halafu akasema si kitu. Alipofika mezani pake nikamtupia neno: "Na vitu vya marehemu havifutwi."

Akageuka. "Cha kwake sijafuta hata kimoja. Nikupe flashi, uhamishie chochote unachotaka kiwe salama. Nitakuonyesha."

Nikasema sihitaji. Ukweli ni kwamba sijui flashi inaingilia wapi, na sikutaka anione sijui. Wala sikumwamini.

Jumanne, 1 Aprili

Amejaribu apdeti kutwa. Saa nne nzima mashine inazungusha vidoti, kisha umeme ukakatika kwa radi. Uliporudi, mashine ikaandika kwamba imeshindwa na inarudi ilikokuwa. Juu ya hayo, bati limeanza kuvuja sawasawa na meza yake. Tumeibeba ile mashine wawili, nzito kama jiwe la kusagia, tukaiweka juu ya stuli. Wifi akachukua koti lake la mvua akaifunika. Kisha akatoka kwenda dukani kwenye mvua hiyohiyo, bila koti.

Nilimtazama dirishani mpaka akakata kona.

Jumatano, 9 Aprili

Amepata nafasi. Kumbe mfumo mmoja wa kale umekalia karibu robo ya diski peke yake. Jumamosi ndiyo siku. Anasema umeme wa Jumamosi huwa mtulivu. Nimemuuliza na picha za Mwalimu je, amesema hazihusiki. Nimeitikia kama mtu aliyeelewa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefanya jambo baya. Naliandika lilivyo.

Asubuhi wifi aliwasha apdeti, akaketi nayo saa mbili. Ikaenda vizuri. Akaitwa ofisini kwao kutia saini karatasi za mkataba. Akavaa, akasimama mlangoni.

"Wifi, nakuomba. Usiiguse. Hata ikinyamaza, hata kioo kikiwa cheusi, iache tu. Itajimaliza yenyewe."

"Nani anaigusa?"

Akaenda. Nikashona kola. Jua likatoka kidogo, mara ya kwanza wiki hii. Nikawa naitupia mashine jicho kila nikikata uzi. Ilifika asilimia sitini, ikajizima, ikajiwasha. Kisha yakaja maandishi ambayo hayakuwapo mwanzo. Nikavaa miwani, nikasogea. Yalisema inasafisha faili za zamani. Yalisema nisiizime. Chini yake namba: thelathini na moja. Thelathini na mbili.

Inasafisha faili za zamani. Nani wa zamani mle ndani kama si Mwalimu? Nikaona mitihani yake aliyokuwa akiitunga Jumapili akiwa na pensheli sikioni. Nikaona picha zake na wanafunzi kwenye kile kilima alichowapandisha kila mwaka, yeye wa mwisho kufika juu, anahema na kucheka. Thelathini na tano. Nikasema kwa sauti, "Basi." Nikasema, "Hebu subiri kwanza." Mashine gani inasikia? Thelathini na sita. Nikaona zinaondoka moja moja, na aliyeniahidi haziguswi amejiendea zake mjini.

Nikapiga magoti, nikauchomoa waya ukutani.

Kelele ya feni iliteremka polepole. Sikujua kama feni ile ilikuwa inapiga kelele hivyo mpaka iliponyamaza.

Kisha nikaingiwa na hofu. Nikachomeka tena, nikabonyeza alipokuwa akibonyeza yeye. Kioo kikawa cheusi, mstari mmoja mweupe wa maneno nisiyoyajua, basi. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Na ndani kikaanza kitu kugonga, tik, tik, kama sindano inayopiga chuma.

Wifi alirudi saa tisa, akiwa na mkate. Akaangalia kioo. Akaniangalia mimi.

"Umeme ulikatika," nikasema.

Akauweka mkate mezani. Akaenda jikoni, akakaa huko kitambo. Aliporudi alisema, "Haya, wifi. Tutaona Jumatatu." Afadhali angenitukana.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua kutwa. Zimebaki siku kumi na saba. Wifi amekunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumeipeleka mashine kwa fundi, imefungwa kwenye shuka, kila mtu ameshika ncha zake. Fundi ni mwanamke wa makamo, mwili wa kutosha, zamani alitengeneza redio. Mtaa mzima unamwita Bi Bisibisi kwa kuwa bisibisi yake huichomeka kwenye nywele kama watu wanavyochomeka kitana. Ameifungua mashine, akaitega sikio.

"Diski ina kikohozi cha siku nyingi," akasema. "Hii ingewafia tu. Ila kuna kitu kimeikatiza katikati ya kuandika. Umeme?"

Wifi ndiye aliyejibu. "Umeme."

Bi Bisibisi ataitoa diski, ataiunga na kompyuta yake kwa waya, aone kinachosomeka. Hakuahidi.

Njiani nilitembea nyuma ya wifi. Mwavuli ulikuwa mmoja, akawa anaurudisha nyuma unifikie.

Jumatano, 16 Aprili

Siku mbili sijala vizuri. Leo wakati wa chai nimeweka kikombe chini.

"Wifi, umeme haukukatika Jumamosi."

"Najua."

"Unajua?"

"Saa ya ile redio ya jikoni. Umeme ukikatika inarudi sifuri, inapepesa mpaka uirekebishe. Jumamosi niliporudi ilikuwa inakwenda vizuri kabisa."

Niliona aibu ya kutaka kuingia chini ya meza. "Sasa mbona hukusema? Kwa fundi ukanisitiri?"

Akakoroga chai ambayo haikuwa na kitu cha kukoroga. "Ningesema nini? Uliona inafuta, ukadhani inamfuta yeye. Ningekuwa wewe ningeuchomoa pamoja na ukuta."

"Na kazi yako?"

"Kazi yangu ndiyo inaniuma, sikufichi. Nilikasirika mpaka nikashindwa kulala. Lakini sikukasirika kwa sababu ulichomoa. Nilikasirika kwa sababu nilikuambia sitagusa vyake, na wewe hukuniamini."

Nimemwomba radhi. Ni mara ya kwanza tangu ameolewa humu ndani, na ana miaka ishirini na mitatu humu ndani. Nilipoanza sikujua maneno yanakaa vipi mdomoni.

Jumamosi, 19 Aprili

Bi Bisibisi ametuita. Diski inasomeka, lakini kwa kuvizia; inasoma kidogo, inagoma, inasoma.

"Nianze na ipi?" akauliza. "Inaweza kukata roho wakati wowote. Cha muhimu kitangulie."

Mimi nilifikiri wifi atasema faili zake za kazi. Akasema, "Folda ya Mwalimu. Yote. Ya kazi yangu ije mwisho." Simu yake ikalia, ilikuwa kampuni, akatoka nje kwenye baraza kuzungumza.

Tukabaki wawili. Mstari wa kijani ukawa unajikokota. Bi Bisibisi akafungua mahali pengine wakati tunasubiri. "Na hii ya vilivyopakuliwa? Imejaa takataka."

"Mimi kupakua nakujua kwa sufuria tu," nikamwambia.

Akacheka, akateremsha orodha. Kisha kicheko kikamwishia. Nami nikaona. Lilikuwa neno moja, limejipanga toka juu hadi chini. Matokeo. Matokeo (1). Matokeo (2). Nikaendelea kuhesabu hadi kumi na nne.

"Mbona mengi hivi?"

"Ukipakua kitu kilekile mara ya pili, mashine inakipa namba ili kisichanganyike na cha kwanza. Kwa kawaida ni mtu amesahau kwamba anacho." Akasogeza kidole kwenye kioo, palipoandikwa saa. Yote tarehe kumi na nane Desemba, mwaka juzi. Saa nne kamili asubuhi. Saa nne na dakika sita. Saa nne na kumi. Saa tano. Saa saba.

"Huyu hakusahau," akasema Bi Bisibisi taratibu.

Tarehe ile naijua: ni majibu ya hospitali ya Mwalimu. Walimtumia wifi kwenye kompyuta, Mwalimu akiwa shuleni na wanafunzi wa masomo ya likizo. Akayafungua, akayasoma. Akayafunga, akaenda kuyachukua upya, pengine safari hii yatakuja mengine. Mara kumi na tano. Na mimi siku hiyo nilikuwa hatua nne kutoka kwake, mgongo kwa mgongo, nashona sare.

Hii ndiyo ile folda. Kwa ajili ya hiyo alisimama nyuma ya kiti changu akiniomba nikae tu karibu.

Wifi aliporudi ndani nilimpisha kiti.

Jumanne, 22 Aprili

Folda ya Mwalimu imehamishwa, isipokuwa picha za mwaka mmoja wa kilima. Hizo hazifunguki. Bi Bisibisi amejaribu njia zake zote. Mwaka mmoja mzima, picha mia mbili na zaidi, nimezipoteza mimi kwa mkono huu. Nimemwambia wifi hivyo bila kupunguza.

Akajibu: "Ni ule mwaka aliovaa viatu vya mguu mmoja mmoja, kimoja cheusi kimoja kahawia. Hakujua mpaka wanafunzi walipoanza kucheka." Tukacheka na sisi, mpaka mteja aliyekuja kupima suruali akarudi mlangoni akidhani amekosea nyumba.

Jumatatu, 28 Aprili

Diski mpya imewekwa, na mfumo mpya juu yake. Wifi amejaribu kuingia kazini mara nne, imemkataa. Nimeshindwa kushona. Nimesimama nyuma ya kiti chake, nikashika mgongo wa kiti.

Jumanne, 29 Aprili

Imekubali. Saa tano asubuhi, siku moja kabla. Alisimama akanikumbatia na nyaya za masikioni zikamvuta akarudi kitini.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imepungua, inakuja jioni tu na kuondoka. Leo nilikokota kiti changu mpaka mezani kwake.

"Ile folda uliyotaka tuipitie," nikasema. "Nimekuja."

Akavua vizibo vya masikio. "Umeiona."

"Kwa Bi Bisibisi. Nisamehe, sikutafuta."

Akaifungua. Zote zilikuwapo, zimehamia kwenye diski mpya pamoja na vingine. Anaweza kufuta mfumo mzima bila kupepesa jicho, lakini hizi kumi na tano hakuweza kuzigusa mwaka na nusu. Kila akitafuta barua ya kazi mle, anapita juu yake.

"Tuache moja?" nikauliza.

"Hata moja, wifi. Nilishaisoma."

Tukazichagua zote kwa pamoja, mimi nikiwa nimeshika kipanya na mkono wake juu ya wangu. Mashine ikauliza kama tuna hakika. Tukabonyeza. Zikatoka zote kwa mara moja, haikuchukua hata muda wa kuvuta pumzi, na hapo ndipo wifi yangu alipolia. Alilia kama watu wanavyolia msibani, kwa sauti, kichwa mezani. Nilimshika mabega. Mabega yake nayajua kwa tepu, nimemshonea nguo miaka yote hii. Yamepungua.

Alipotulia akasema, "Nilimwambia jioni ileile. Nilimngoja avue viatu, nikamwambia. Unajua alisema nini? Kitu cha kwanza?"

"Sijui."

"Alisema, 'Dada asiambiwe mpaka amalize sare za shule.' Ulikuwa na oda ya shule nzima, wafungue Januari. Akasema, 'Akijua ataziacha zote, na watoto watavaa nini?' Akaniapisha. Ulipomaliza ile ya mwisho ukaikunja, usiku uleule nikakuambia."

Wiki tatu. Nilikuwa nimezihesabu mwaka mzima kama deni lake.

"Mbona hukuniambia tangu hapo kwamba ni yeye aliyekataza?"

"Ungemkasirikia yeye," akasema. "Alikuwa amebakiwa na miezi. Nikaona heri unikasirikie mimi, mimi nina muda."



Jumatano, 7 Mei

Nimetoa magunia mawili ya vitambaa. Yamebaki manne. Wifi amepita mlango wa jikoni akiwa ameitanua mikono kama malkia.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Dada yake wifi alipiga simu asubuhi akiuliza siku ya kuhama, wampelekee mtu wa mizigo. Nilisikia wifi akisema atampigia baadaye.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu juzi. Yote yalinipotea.

"Kile chumba cha dada yako," nikasema, "kina dirisha?"

"Kidogo."

"Meza itaenea?"

"Haitaenea. Nitachapia kitandani."

"Mgongo utakuuma."

"Utauma, ndiyo."

"Basi usiende."

Akaacha alichokuwa akifanya. "Unaniamuru au unaniomba?"

"Nakuomba, wifi yangu. Nyumba hii ni yako tangu ulipoingia. Nilichelewa kukuambia."

Nikadhani nimechelewa kweli. Kisha akaichukua simu, akampigia dada yake hapohapo mbele yangu, sauti wazi ili nisikie. Akamwambia kile chumba ampe mtu mwingine. Dada yake akauliza kwa mshangao kama amepata nyumba.

"Hapana, sijahama popote," wifi akamwambia, huku amenitazama. "Nipo kwetu."